Soma Swali Mpaka Nukta ya Mwisho

Maisaka, Babati
11 Februari 2024

Kaka Theodory,

Habari za huko. Huku mvua imenyesha wiki mbili mfululizo. Mahindi ya Sigino yamefika magotini na mbaazi zimeshika vizuri katikati yake. Baba bado anasumbuliwa na macho. Jumapili anasoma masomo kitabu kikiwa karibu kugusa pua, lakini kigango hakijataka katekista mwingine. Mama ni mzima. Mimi nimepanga chumba hapa Maisaka, karibu na shule ninapojitolea kufundisha hesabu, nikisubiri ajira kama wenzangu wote. Jumapili baada ya ibada narudi Sigino kula nao. Mama ananipakulia. Haniambii kula. Tangu siku ya hukumu yako hajanisemesha neno.

Ombi lako limenifikia kupitia padre anayewasomea misa. Unataka kurudia mtihani wa kidato cha nne, na unasema kilichokuangusha ni hesabu za mafumbo: ukipewa namba unakokotoa, ukipewa maneno unapotea.

Nitakufundisha, lakini kwa sharti. Darasani kwangu, kidato cha pili, dawati la mbele, anakaa Otilia, mjukuu wa Bibi Katarina. Ni mwaka mmoja sasa tangu pikipiki yako imgonge bibi yake pale darajani na kumwacha kando ya barabara akiwa bado anapumua. Siwezi kumuuliza Otilia swali. Akinyoosha kidole naangalia ubao. Nikishamaliza kukufundisha, utawaandikia akina Otilia barua yenye sentensi moja tu: *Nilimgonga, nikamwacha, nisameheni.* Hukuisema polisi. Hukuisema mahakamani. Ukiikubali, tuanze.

Somo la kwanza. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini elewa kwanza kwa lugha unayoiota. Soma swali lote mpaka nukta ya mwisho kabla ya kushika kalamu. Kisha jiulize ni kitu gani hukijui, ukipe herufi. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapokufa, andika kwa maneno herufi hiyo inasimama badala ya nini. Herufi si mtu wala kitu. Ni idadi. Usiandike "x ni Scola". Andika "x ni umri wa Scola kwa miaka". Ukikosea mstari huo, yote yatakayofuata yatakuwa safi na yatakuwa ya uongo.

Jaribu haya:

1. Namba fulani ukiizidisha kwa tatu kisha ukatoa saba, unapata ishirini.
2. Mama amemzidi binti yake miaka ishirini na minane. Jumla ya umri wao ni sabini na minane.

Scola


Gerezani
17 Machi 2024

Mdogo wangu Scola,

Umeniandikia kurasa mbili na hukuniamkia. Mimi natoa marahaba hivyo hivyo, niiweke akiba, utakapokumbuka utaikuta.

Nimefurahi kusikia mbaazi zimeshika. Mwambie Baba asiende shambani kwenye mteremko peke yake, ardhi ikilowa pale inateleza na macho hayo si ya kuchezea. Msalimie Mama. Mwambie nakula na nalala.

Barua yako ilikaa ofisini wiki tatu. Barua zote zinasomwa hapa, zinazoingia na zinazotoka, na anayezisoma ni Afande Cornel, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniita. Barua ilikuwa mezani, amezungushia duara kila x.

"Huyu x ni nani?"

Nikamwambia, "Afande, x si mtu. Ni idadi."

"Idadi ya nini?"

"Hatujui bado, afande."

"Dada yako anajua?"

"Anajua."

"Sasa kama anajua, kwa nini asiandike namba yenyewe? Anaificha kwa sababu gani?"

Wenzangu waliokuwa mlangoni walicheka mpaka wakafukuzwa waende kazini bustanini. Mwishowe nikamfundisha lile swali la kwanza hapo hapo mezani kwake, kama ulivyonifundisha mimi. Alipopata tisa alinitazama kama nimemfanyia kiinimacho. Akapiga muhuri.

Majibu yangu. La kwanza: tuseme x ni hiyo namba. 3x − 7 = 20, x = 9. La pili: tuseme x ni umri wa binti. x + x + 28 = 78, x = 25. Kwa hiyo umefikisha ishirini na tano, na Mama hamsini na tatu. Nashukuru kwa habari hizo, maana hukuziandika mahali pengine.

Kuhusu ile sentensi, tufundishane kwanza.

Kaka yako,
Theodory


Maisaka
14 Aprili 2024

Kaka Theodory,

Majibu yote mawili ni sahihi. Nakupa pongezi kama ninavyompa mwanafunzi yeyote.

Habari za nyumbani si nyingi. Barabara ya Sigino imechimbika, bajaji zinaishia njia panda, kwa hiyo Jumapili natembea. Baba alianguka kwenye mteremko uliousema, akachubuka kiganja tu. Mama ndiye aliyemfunga kitambaa. Nilimuuliza, "Mama, nilete maji ya moto?" Akaenda kuyachukua mwenyewe.

Unasema tufundishane kwanza. Sawa. Lakini usidhani nimesahau.

Nataka nikukumbushe siku ile, kwa sababu huenda unadhani niliifurahia. Nilipanda kizimbani kama shahidi nikiwa nimevaa sketi ya kanisani. Nilisema ukweli: nilikuwa ndani nasahihisha madaftari, dirisha wazi, saa ya ukutani mbele yangu, ulipoondoka na pikipiki saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Kutoka nyumbani mpaka darajani ni kilomita nane. Bibi Katarina aligongwa saa kumi na mbili kamili. Mwenye duka aliyemkuta alikuwa anasikiliza redio, taarifa ya habari ilikuwa inaanza. Kilomita nane kwa dakika ishirini ni mwendo wa kilomita ishirini na nne kwa saa. Kwa ile barabara, ndio mwendo wenyewe wa pikipiki. Hakimu alinyanyua kichwa akasema, "Mwalimu ametusaidia." Kisha akakuuliza kama una swali kwa shahidi. Ulisimama ukasema, "Huyu ni dada yangu na ni mwalimu wa hesabu. Sina swali." Watu walicheka. Ulinidhalilisha kwa ukweli wangu mwenyewe.

Na jambo jingine. Bibi Katarina alikuwa wa kigango chetu. Padre alikuwa mbali, kwa hiyo Baba ndiye aliyeongoza sala za maziko. Wewe hukuwepo, ulikuwa mahabusu. Mimi nilikuwepo. Baba alishika udongo, mkono ukamtetemeka hadi udongo ukamwagikia viatu vyake kabla ya kufika kaburini. Mzee wa miaka sitini na mmoja, anamzika mtu aliyeuawa na mtoto wake. Hilo ulimfanyia Baba.

Somo la pili. Zizini, kwa kila mbuzi mmoja kuna kondoo sita. Tuseme b ni idadi ya mbuzi na k ni idadi ya kondoo. Andika mlinganyo. Usikimbilie.

Scola


Gerezani
2 Juni 2024

Mdogo wangu Scola,

Marahaba ya pili hiyo, bado iko akiba.

Hapa tumeugua mafua bweni zima, ndiyo maana nimechelewa. Sasa nimepona. Pole kwa Baba. Kiganja kimefunga?

Nimesoma ulivyoandika kuhusu maziko. Nimesoma mara nyingi.

Jibu la zizi: 6k = b. Afande Cornel naye kapata hivyo hivyo. Siku hizi ananiita barua yako ikifika, tunaifanya pamoja kabla hajanipa. Anasema akistaafu atamshangaza mjukuu wake.

Nina swali la nyumbani. Yule ng'ombe wetu mwekundu tuliyemweka kwa Mzee Sosthenes kule mlimani ili Mzee anywe maziwa na sisi tupate ndama, bado yuko? Na yule ndama wake jike, sasa anapaswa kuwa mtamba. Kuna mtu anayekwenda kumwangalia? Mimi ndiye niliyekuwa naenda. Nenda siku moja, Scola. Ukienda, kaa kidogo, usigeuze hapo hapo. Mzee anapenda kuulizwa.

Umesema nilikudhalilisha. Sikutaka. Sikuwa na swali, basi.

Theodory


Maisaka
23 Juni 2024

Kaka Theodory,

Umekosa, na Afande Cornel amekosa. Ukiandika 6k = b, weka kondoo wawili uone: mbuzi watakuwa kumi na wawili. Mbuzi wamekuwa wengi kuliko kondoo, wakati swali limesema kinyume. Sahihi ni k = 6b. Kosa lenu ni la nusu ya darasa langu, na nakwambia linatoka wapi: mmesikia "mbuzi mmoja, kondoo sita", mkaandika namba kando ya neno mlilolisikia nayo. Masikio yameandika, kichwa kimelala. Usiandike ulivyosikia. Andika ilivyo.

Mtamba sijui habari zake. Sina muda wa kupanda mlima kumwangalia ng'ombe.

Nikueleze nina muda wa nini. Juzi Otilia alibaki darasani wenzake walipotoka. Akaniuliza, "Mwalimu, eti bibi angepelekwa hospitali mapema angepona?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Baba anasema aliyemgonga alisimama kwanza. Alama za tairi zilionyesha alisimama. Ndipo akaondoka." Kisha akaniuliza kama kesho kuna jaribio. Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka kengele ikalia.

Ulisimama, kaka. Ulimtazama. Ndipo ukaondoka.

Nimekuvumilia miezi minne. Unaniuliza ng'ombe, unaniuliza kiganja cha Baba, unanisimulia vichekesho vya afande. Mimi Mama yangu haniongeleshi kwa sababu nilisema kweli juu yako. Kila Jumapili nakula ugali ulio kimya. Nilidhani angalau wewe, ambaye huna cha kupoteza tena, ungeweza kuiandika sentensi moja.

Masomo yamesimama. Na kama mpaka mwisho wa Agosti hujaandika, nitaiandika mimi mwenyewe hiyo barua, niweke jina lako chini, niipeleke kwa akina Otilia. Watajuaje mwandiko?

Scola


Gerezani
21 Julai 2024

Scola,

Jina langu usiliweke chini ya sentensi isiyo yangu. Nakuomba kwa heshima.

Umesema masomo yamesimama. Basi leo mwanafunzi atamtungia mwalimu. Lisome mpaka nukta ya mwisho kabla ya kushika kalamu.

*Mtu A aliondoka nyumbani kwa miguu saa kumi kamili jioni, akapanda mlima kwa njia ya mguu. Alitembea kilomita x kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Alipofika alikaa nusu saa. Kisha akarudi nyumbani kwa njia ile ile, akiteremka kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Tangu alipoondoka mpaka aliporudi, pamoja na nusu saa aliyokaa, zilipita saa 3. Siku hiyo hiyo pikipiki ya A iliondoka nyumbani saa kumi na moja na dakika arobaini, ikafika mahali D saa kumi na mbili kamili.*

*(a) Tafuta x.*
*(b) Saa kumi na mbili kamili A alikuwa wapi?*
*(c) A alirudi na nini mkononi?*

Afande Cornel alilifanya kabla halijatoka ofisini. Sehemu ya (a) na (b) alipata. Akavua miwani akasema, "Swali zuri. Sasa huyu A pikipiki yake ilikuwa na nani?" Nikamwambia swali halijauliza hivyo. Akasema, "Basi hata hivyo A hana kosa." Akapiga muhuri, akatia sahihi.

Sehemu ya (c) hakuiweza. Hiyo ni yako.

Theodory


Gerezani
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Scola,

Wiki tano hujajibu, na barua zako sasa hazikai ofisini, Afande anazisubiri kuliko mimi. Kwa hiyo najua hujaandika.

Kama hujalifanya lile swali, usilifanye. Nililitunga kwa hasira, ulinisukuma. Lifute. Nikipunguziwa kifungo kwa tabia njema natoka Septemba mwakani. Mwaka mmoja si kitu kwangu, nina mgongo. Mtu mzee asiyeona vizuri hawezi kulala kwenye sakafu hii hata mwezi. Na Mama atabaki na nani?

Waambie akina Otilia chochote unachotaka. Weka jina langu. Nimekubali.

Theodory


Maisaka
15 Septemba 2024

Kaka,

Nyumbani mbaazi zimevunwa. Mengine utayasoma humu humu.

Nimelifanya swali lako. Nililifanya siku lilipofika, nikiwa nimesimama mlangoni na bahasha chini ya kwapa. Tuseme x ni urefu wa njia kwa kilomita.

x/4 + 1/2 + x/6 = 3

Kwa hiyo x = 6. Kupanda ni saa moja na nusu. A alifika saa kumi na moja na nusu. Pikipiki ilipowashwa nyumbani, A alikuwa amekaa kule juu dakika kumi tayari. Saa kumi na mbili kamili alikuwa anasimama ili aanze kuteremka. Aliingia nyumbani saa moja.

Sehemu ya (c) nilijua jibu lake kabla ya kumaliza (a). Alirudi na kidumu cha dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Kidumu cha njano, kimezibwa kwa kipande cha gunzi. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani. Alisema, "Jike, Scola, jike!" Mama akaichemsha ikaganda, na mimi nikala sahani mbili, nikalamba kijiko. Yote hayo niliyajua siku niliyopanda kizimbani. Yalikuwa kwenye swali. Sikuyasoma kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu.

Bado nilikwenda kwa Mzee Sosthenes, kwa sababu siamini tena ninachokijua. Nilipanda kwa saa moja na nusu. Alikuwa anapukuchua mbaazi.

"Wewe ni wa katekista," akasema. "Umekuja kwa mtamba?"

"Nimekuja kwa siku aliyozaliwa."

"Aa, siku ile Katarina aligongwa. Theodory alikuwa hapa. Amekaa kwenye kigoda hicho unachokikalia. Jua lilikuwa linaingia pale. Nikamwambia wahi, giza litakukuta."

"Babu, mbona hukusema mahakamani?"

Alinitazama kama niliyeuliza kitu cha kitoto. "Mahakama ilipanda huku? Nilisikia amekaa kimya, na dada yake mwenye kusoma ameapa kwamba alimwona. Mimi na ng'ombe wangu tukabishane na aliyesoma?"

Kaka, sikukuona. Nilisikia pikipiki. Mwendesha mashtaka aliniuliza, "Ulimwona akiondoka?" Nikasema, "Ndiyo." Sikujiona nasema uongo. Pikipiki ni ya Theodory, pikipiki imeondoka, basi Theodory ameondoka. Niliandika x ni mtu, nikaandika jina lako, kisha nikakokotoa bila kosa hata moja. Wewe miezi yote hii nilikuwa nakufundisha kitu ambacho mimi ndiye niliyekikosa, na ulikuwa unafanya mazoezi yangu, na kunitumia majibu, na kuniulizia kiganja cha Baba.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Sigino na karatasi yako. Tulikuwa mezani mchana, ugali na mboga ya mbaazi. Nikasema nina swali la darasani nataka wanisikilize kama linaeleweka. Nikalisoma polepole kama ninavyowasomea kidato cha pili. Nilipofika kwenye pikipiki, Baba aliacha kutafuna. Nikasoma (a), nikasoma (b), nikasoma (c).

Baba akasema, "Hilo swali limekosewa."

Na Mama, ambaye hajatoa neno kwangu tangu hukumu, akasema, "Halijakosewa."

Hakuna aliyeinuka. Baba akaanza kuzungumza akiitazama sahani. Alisema aliitwa kwenda kumwombea mgonjwa aliyekuwa anakata roho ng'ambo ya daraja. Alisema alichokiona ni kama gunia barabarani. Alisema alisimama. Alisema alimjua. Alisema mgonjwa alikuwa anamsubiri. "Nilifika," akasema, "na nikamwombea, na akafa vizuri." Alivyolisema hilo, kaka, ilikuwa kama anasubiri nimshukuru.

Nikamgeukia Mama. "Ulijua?"

"Nilimwona anaiwasha."

"Sasa kwa nini ulininyamazia mimi?"

Akakusanya sahani. "Ningekusemesha nini, Scola? Wewe ulishaapa. Ningekwambia, ungekwenda kuapa tena, wabaki gerezani wawili."

Hakumnyamazia Baba hata siku moja. Alimfunga kitambaa kiganjani. Nimekaa na hilo mpaka sasa na sijapata pa kuliweka.

Barua yako ya Agosti ilinikuta nikiwa sijaamua. Uliniomba nifute. Nilitaka kukutii, ukweli ni huo; nilisema moyoni, mwaka mmoja, na yeye mwenyewe amekubali. Nikampa Baba Jumapili moja. Nilikaa benchi la nyuma nione atafanya nini. Aliongoza ibada kama kawaida. Akawataja marehemu wa kigango, na Katarina akiwa miongoni mwao. Sauti haikumtetemeka. Mkono haukumtetemeka. Amezoea, kaka. Hilo ndilo lililonitoa pale benchini.

Jumatatu nilikwenda kwanza kwa akina Otilia. Baba yake, Amedeus, alinikaribisha kama mwalimu wa mtoto wake, akampigia Otilia kelele alete kiti. Nikamwambia nimesimama vizuri. Nikamwambia: mahakamani nilisema nilimwona Theodory. Sikumwona.

Akasema, "Mwalimu, umekuja kutuzikia mama mara ya pili."

Akanisogelea.

"Ni nani basi?"

Nikamwambia nitasema nilichokiona na nilichokisikia, na kila kimoja nitakiita kwa jina lake. Mengine wanaoyajua watayasema wenyewe. Otilia alikuwa amesimama mlangoni na kile kiti. Hakukiweka chini.

Kutoka pale nikaenda mahakamani. Karani alinipa karatasi. Unakumbuka nilikutaka uandike sentensi moja? Nimeiandika mimi. *Nilisikia pikipiki ikiondoka na sikumwona aliyeiendesha. Saa moja jioni kaka yangu aliingia kwa miguu akiwa na dang'a, nami nikala.* Karani akasema hilo la kula halihitajiki. Nikamwambia liache. Akaniuliza kama naelewa kwamba kuapa uongo ni kosa na naweza kuulizwa. Nikamwambia naelewa. Akasema pia kwamba mambo haya yana hatua zake, na huenda yakachukua muda mrefu kuliko kifungo kilichobaki. Alilisema hilo kwa upole, akigonga muhuri.

Mkuu wa shule amesikia. Ameniomba nipumzike kwanza. Baba hajaniambia kitu. Jumapili hii Mama alinitumia ujumbe nisije. Ni ujumbe wa kwanza tangu hukumu.

Afande Cornel, najua unasoma. Barua hii haina fumbo. Uliuliza pikipiki ya A ilikuwa na nani. Ulikuwa mtu wa kwanza kuuliza, na ulifundishwa na mwanafunzi wangu. Nakuomba uipitishe leo.

Kaka, mtihani ni Novemba. Hapa chini nimeweka maswali kumi. La saba ni gumu, usilikimbilie. Jibu likikujia upesi, lirudie.

Nimefika mwisho wa karatasi na nimeona kwamba barua zangu zote nimeziandika bila neno moja ambalo mdogo anampa mkubwa wake. Ulisema unaniwekea akiba. Sijui kama imebaki.

Shikamoo, kaka.

Scola